Ulinzi wa Baiskeli Nyumbani

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa wanachama wa Thika na Ruiru



Tumepewa heshima ya kusema nanyi kwa muda mfupi juu ya wizi wa baiskeli. Hatutasema habari za baiskeli zinazoibwa sokoni au mbele ya maduka, kwa kuwa hizo zina hotuba yake. Twataka kusema habari za baiskeli inayoibwa nyumbani, usiku, mwenyewe akiwa amelala hatua tatu kutoka ilipo. Wizi wa namna hii ndio unaotuumiza zaidi, na ndio unaoweza kuzuiliwa kwa gharama ndogo kuliko wizi mwingine wowote.

Kuna watakaouliza: baiskeli ni kitu gani siku hizi, ambapo pikipiki zimejaa kila pembe, na barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012, haipumziki kupitisha magari usiku na mchana? Jibu letu ni kwamba kitu hupimwa kwa kazi kinayoifanyia nyumba. Tazameni asubuhi ya saa kumi na mbili katika njia za Makongeni na Kiandutu, au katika njia za Kimbo na Kihunguro kule Ruiru. Mtawaona vibarua wakielekea viwandani, walinzi wakirudi kutoka lindo la usiku, wauza maziwa na mikate na keria zao zilizojaa, mafundi na mbao zao, na watoto wa shule. Mtu huyu mwenye baiskeli halipi nauli ya kwenda wala ya kurudi. Mvua inaponyesha na nauli ikapanda, yeye hulowa, lakini mfuko wake haulowi. Katika nyumba ya mshahara mdogo nauli ya mwezi mzima ni unga, ni karo, ni dawa. Basi anayeiba baiskeli hiyo ameiba nauli ya mwezi huu, na ya mwezi ujao, na ya miezi yote mpaka mwenyewe atakapopata uwezo wa kununua nyingine. Wengine hupoteza na kazi pia, maana muuza maziwa asiye na baiskeli hawezi kuwafikia wateja wake kabla ya maziwa kuharibika.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 1948, baada ya vita kuu ya pili, Waitalia walitengeneza filamu moja iliyojulikana duniani kote, iitwayo Ladri di biciclette, maana yake Wezi wa Baiskeli. Mtu mmoja wa Roma, aliyekuwa hana kazi kwa muda mrefu, apata kazi ya kubandika matangazo ukutani, kwa sharti awe na baiskeli. Yake iko rehani. Mkewe atoa mashuka ya kitanda yawekwe rehani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza kazini yaibwa. Azunguka mji mzima pamoja na mtoto wake mdogo akiitafuta, asiipate. Na mwishowe, kwa kukata tamaa, ajaribu kuiba ya mtu mwingine, akamatwa mbele ya macho ya mtoto wake. Twaitaja habari hiyo kwa sababu yatuonyesha kuwa wizi wa baiskeli hauishi siku ulipotendeka. Huzaa umaskini, na umaskini huo waweza kuzaa mwizi wa pili.

MWIZI HUPATAJE NAFASI

Kwanza, hupata nafasi kwa sababu ya makao yetu. Wengi wetu twakaa katika vyumba vya kupanga, kimoja kimoja, vilivyopangwa kwa safu na koridoo moja na geti moja. Chumba kina kitanda, jiko, maji, nguo na watoto. Baiskeli haina pahali. Mchana huegemezwa ukutani nje. Usiku wengine huiingiza ndani, lakini wengine, kwa kuchoka au kwa kuona haya mbele ya wageni, huiacha koridoo wakisema, "Geti limefungwa." Wanaokaa katika magorofa huifunga kwenye kishikio cha ngazi, mara nyingi chuma chembamba kinachoweza kukatwa upesi kuliko kufuli lenyewe.

Pili, hupata nafasi kwa sababu miji yetu imekua upesi mno. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, mji wa Ruiru ulikuwa na watu karibu 490,000, na Thika zaidi ya 250,000. Wengi ni wageni waliokuja kutafuta kazi, nao huhama mara kwa mara. Zamani kijijini, mtu akipita na baiskeli ya jirani, mtoto wa miaka sita angeuliza, "Hiyo si ya baba fulani?" Leo mtu aweza kutoka getini saa kumi ya usiku akiisukuma baiskeli ya mpangaji wa chumba cha nne, na mpangaji wa chumba cha tano akimwona asimwulize neno, kwa kuwa hamjui mwenye baiskeli wala hamjui anayeisukuma.

Tatu, na hili ni chungu kulisema, mwizi hupata nafasi kwa sababu aghalabu ametuzoea. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Mwizi wa mbali hajui kwamba wewe huiacha baiskeli nje siku za Jumamosi, wala hajui kwamba kufuli lako ni bovu. Anayejua ni aliyekuwa hapo: mgeni wa jirani, kijana aliyekuja kuuza kitu, au mtu aliyesikia mazungumzo yetu tukijisifia baiskeli mpya. Hatusemi mshuku kila mtu, la. Twasema tu kwamba habari za kufuli na ufunguo wako ziwe za nyumba yako.

KUFULI NA MAHALI

Sasa tuje kwenye dawa. Ya kwanza ni kuiingiza baiskeli ndani kila usiku, pasipo kuruka hata usiku mmoja. Mwenye chumba kidogo aweza kuitundika ukutani kwa vyuma viwili imara vilivyoshikwa na saruji, ikakaa juu ya vichwa na sakafu ikabaki huru. Lakini nyumba iwe ya mawe. Ukuta wa mabati hauwezi kuubeba mzigo huo. Na popote itakapowekwa, isizibe mlango. Moto ukizuka usiku, baiskeli iliyokingama mlangoni itawaua wale ambao ilinunuliwa kwa ajili yao.

Ya pili ni kuifunga hata ikiwa ndani. Wako wanaocheka, wakisema kwamba mlango ndio kufuli. Lakini mlango wa mbao husukumwa, na bati hung'olewa misumari. Mwizi aingiapo ana haraka. Akikuta baiskeli imeshikamana na kitu kizito, yampasa kupiga kelele ya chuma au kuondoka, na wengi huondoka.

Ya tatu ni kujua namna ya kufunga. Kufuli dogo linalozuia gurudumu la nyuma lisizunguke halitoshi, kwa sababu mwizi huinyanyua baiskeli nzima begani. Kadhalika, kulifunga gurudumu la mbele peke yake ni kumwachia mwizi sehemu iliyobaki, kwa maana gurudumu hilo hufunguliwa kwa spana kwa muda mfupi sana. Mnyororo upite ndani ya fremu na ndani ya gurudumu la nyuma kwa pamoja, kisha uzunguke kitu kisichong'oka. Mnyororo usilale sakafuni, kwa kuwa sakafu humtumikia mwizi kama fuawe limtumikiavyo mhunzi: huuweka hapo akaupiga nyundo. Ukazwe juu, ushikamane na fremu, pasibaki nafasi ya kupenyeza nondo ya kuupindulia. Tundu la ufunguo lielekee chini. Na katika kununua, tusitazame ukubwa wa kufuli bali chuma chake. Kufuli zuri ni la chuma kigumu, na shingo yake ni fupi na nene; lenye shingo ndefu huwapa wakataji mahali pa kuuma. Waya uliovishwa plastiki hupendeza macho, lakini hukatwa kwa koleo la kawaida.

Ya nne ni kitu cha kufungia. Ikiwa hapana budi baiskeli ilale nje, katika uwanja au chini ya ngazi, na iwepo pete ya chuma kinene iliyochimbiwa katika saruji, mikia yake ikiwa imepindwa ndani ili isivutike. Mwashi yeyote aweza kuifanya kazi hii, na mchomeleaji yeyote aweza kuitengeneza pete. Wapangaji wanne wakichanga, gharama haitamwumiza hata mmoja.

Ya tano ni ufunguo. Tusiutundike kwenye msumari karibu na dirisha. Mwizi huingiza fimbo yenye ndoano kati ya vyuma vya dirisha, akavuta suruali, simu na ufunguo, sisi tukikoroma.

DAFTARI

Sisi tulio makarani twapenda kusema neno juu ya kalamu na daftari. Wazee walituachia methali isemayo: mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna mali ambayo methali hii yaifaa kuliko baiskeli.

Karibu kila baiskeli iliyotoka kiwandani ina nambari iliyogongwa katika chuma cha fremu. Mara nyingi iko upande wa chini, pale mikono ya kanyagio inapokutana. Nyingine zina nambari hiyo chini ya tandiko au kwenye shingo ya usukani. Geuzeni baiskeli, futeni tope na grisi, mtaiona. Nambari hiyo ndiyo jina la baiskeli. Rangi hupakwa upya kwa saa moja, tandiko hubadilishwa, keria huondolewa. Lakini mtu akienda kituo cha polisi na kusema, "Ilikuwa nyeusi, yenye keria," ameeleza nusu ya baiskeli zote za Thika. Akisema nambari, ameeleza moja.

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki wazee wetu walilipia leseni za baiskeli, wakapewa kibao au cheti. Walinung'unika kwa sababu ya kodi, nao walikuwa na haki ya kunung'unika. Walakini ndani ya kero hiyo palikuwa na faida moja, yaani palikuwa na mahali palipoandikwa kwamba baiskeli fulani ni ya mtu fulani. Kodi imekwenda zake, na maandishi yamekwenda nayo. Twaomba turudishe maandishi pasipo kurudisha kodi.

Kila mtu na aandike mambo haya: nambari ya fremu, jina la kiwanda, rangi, alama za pekee, tarehe ya kununua na jina la duka. Aihifadhi stakabadhi. Apige picha ya baiskeli nzima na picha ya nambari kwa simu yake, kisha ampelekee ndugu yake picha hizo, maana simu nayo huibwa. Tena, aandike jina na nambari yake ya simu kwenye kipande cha karatasi, akifunge kwa plastiki na kukisukuma ndani ya bomba la tandiko. Mwizi hafikirii kutazama mahali hapo. Siku ya kugombania baiskeli mbele ya afisa wa polisi, karatasi hiyo itatoa ushahidi ambao mwizi hawezi kuujibu.

Ikiibwa, mwenyewe aende kituoni siku ile ile, wala asingoje. Taarifa yake iandikwe katika kitabu cha matukio, naye apewe nambari ya taarifa hiyo, ile ambayo wengi huiita OB. Pasipo nambari hiyo, baiskeli ikipatikana mwaka ujao katika mji mwingine, hakuna atakayejua ni ya nani.

JIRANI NA MWENYE NYUMBA

Ulinzi wa mtu mmoja ni dhaifu. Tangu mwaka 2013 serikali imetuhimiza kufuata mpango wa Nyumba Kumi, na katika mitaa mingi umebaki jina tu. Twadhani baiskeli zaweza kuupa mpango huo kazi ya kuanzia. Wapangaji wa ploti moja wajuane kwa majina, na kila mmoja ajue baiskeli za wenzake. Wapatane neno moja jepesi: anayetoa baiskeli getini kabla ya mapambazuko ataulizwa kwa adabu, naye hatakasirika. Anayekasirika kwa kuulizwa leo, kesho atalia kwa sababu hakuulizwa mwizi.

Kwa wenye nyumba, nao wako miongoni mwetu hapa, twasema kwa heshima: mpangaji aliyeibiwa baiskeli huchelewa kulipa kodi. Taa moja katika koridoo, komeo zima getini, na pete mbili tatu za chuma katika uwanja si hisani kwa mpangaji tu. Ni ulinzi wa mapato yenu wenyewe.

MNUNUZI

Sasa, Bwana Mwenyekiti, twafikia sehemu ya hotuba yetu isiyopendeza. Baiskeli iliyoibwa Makongeni haiendi mbinguni. Hununuliwa. Hununuliwa na mtu anayefanya kazi, anayesali, mwenye jina zuri, ambaye aliletewa baiskeli jioni kwa robo ya bei yake, naye akajiambia kuwa ni bahati. Au huvunjwa vipande: rimu yauzwa huku, usukani kule, fremu yapakwa rangi. Tusimfikirie mwizi kama mnyama wa porini ajaye na kutoweka. Mwizi ni mchuuzi, na mchuuzi huenda palipo na wateja. Siku ambapo hakuna mtu wa Thika au Ruiru atakayenunua baiskeli isiyo na habari, mwizi atatafuta kazi nyingine.

Sheria ya Kenya yajua jambo hili. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 322, yasema kwamba mtu anayepokea au kuweka mali ya wizi, huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, aweza kufungwa hadi miaka 14. Na avunjaye nyumba ya watu usiku kwa nia ya kutenda kosa aweza kufungwa hadi miaka 10 kwa kifungu cha 304. Tazameni vema hesabu hiyo: aliyenunua aweza kukaa gerezani muda mrefu kuliko aliyevunja mlango. Basi anayenunua baiskeli kuukuu na adai stakabadhi. Kama haipo, muuzaji aandike hati yenye jina lake, nambari ya kitambulisho chake, nambari ya fremu na sahihi, mbele ya shahidi. Muuzaji wa kweli hatakataa. Mafundi wetu nao, ambao baiskeli zote hupitia mikononi mwao, wasifute nambari ya fremu kwa msasa hata wakilipwa kiasi gani, na wawe wa kwanza kuuliza.

MKONO WA SHERIA, SI MKONO WA KUNDI

Neno letu la mwisho ni zito. Sote twajua linalotokea pale sauti ya "Mwizi! Mwizi!" inaposikika usiku. Watu hutoka na marungu na mawe, na mara nyingine na tairi na petroli, na kabla ya kupambazuka mtu amekufa. Twaelewa hasira hiyo. Tumeeleza wenyewe jinsi baiskeli ilivyo chakula cha nyumba. Lakini baiskeli yaweza kununuliwa tena, na mtu hanunuliki. Katiba yetu ya mwaka 2010 yampa kila mtu haki ya kuishi, na yasema kwamba mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Zaidi ya hayo, kundi halisomi nambari ya fremu. Kundi humwona kijana akisukuma baiskeli usiku, na kijana huyo aweza kuwa mlinzi atokaye lindoni, ambaye tairi lake limetoboka. Akikimbia kwa hofu, mkimbio wake hugeuzwa kuwa ushahidi.

Mtu akishikwa, na azuiliwe bila kupigwa, simu ipigwe 999 au 112, na akabidhiwe polisi pamoja na baiskeli yenyewe na watu walioona. Hapo ndipo daftari litakapofanya kazi yake. Mwenye nambari iliyoandikwa hahitaji rungu ili aaminiwe.

SHAURI LETU KWA MWAKA UJAO

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, chama kiwe na daftari moja la baiskeli za wanachama, moja kwa Thika na moja kwa Ruiru, litunzwe na katibu wa kila tawi na lifungiwe, lisiwe la kusomwa na kila mpitaji. Kuandikishwa kuwe bure. Pili, Jumamosi moja katika kila miezi mitatu, wanachama walio waashi na wachomeleaji wawasaidie wenzao kuweka pete za kufungia, mwenye nyumba akiisha kutoa ruhusa, na anayesaidiwa alipe saruji na chuma tu. Tatu, kila mwanachama atoe ahadi mbele ya tawi lake kwamba hatanunua baiskeli wala kipande cha baiskeli bila hati.

Mambo haya hayahitaji fedha za serikali wala mfadhili wa kutoka mbali. Yahitaji kalamu, saruji kidogo, na watu wanaoaminiana. Usiku wa leo, kabla hamjalala, geuzeni baiskeli zenu mwandike nambari. Kazi hiyo haizidi dakika tano.

Twaliweka shauri hili mbele yenu mlijadili.